Chupa Ndiyo Iliyokuwa Ikiua: kisa cha vyungu vya nano na maji ya kisima cha chumvi

Kabla ya kisa

Mambo haya yalitokea katika mji mmoja wa pwani ya Afrika Mashariki. Jina la taasisi, la kijiji na la mfadhili nimeyaondoa, miezi nimeisogeza, na hesabu nimezizungusha. Mfuatano wa matukio na sababu za kila uamuzi nimeviacha vilevile, maana bila hivyo kisa hakina faida kwa mtu. Mimi nilikuwa fundi sanifu wa maabara. Sikuwa msimamizi wa mradi, lakini kalamu iliyoandika "sifuri" kwenye daftari ilikuwa yangu, kwa hiyo sijiweki pembeni kama mtazamaji.

Usuli

Kijiji chenyewe kiko karibu na bahari. Visima ni vifupi, vyoo vya shimo haviko mbali navyo, na maji yana chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu mpaka uisugue kwa hasira. Mvua za masika zikipiga, kuhara kunapanda. Watu wanajua maji yachemshwe, ila mkaa ni ghali, hivyo kinachochemshwa ni cha mtoto mchanga tu. Wakubwa wanakunywa kama yalivyo.

Mradi ulikuwa wa kutengeneza vyungu vya kuchuja maji. Mfinyanzi anachanganya udongo na vumbi la mbao lililochekechwa, anakifinyanga chungu umbo la ndoo, kisha anakichoma. Vumbi la mbao linaungua na kuacha vitundu vidogo mno, na maji yanapita humo taratibu, lita moja hadi tatu kwa saa. Chungu kinakaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye koki na mfuniko. Wazo si letu wala si la jana: chungu cha namna hii kilibuniwa Guatemala mwaka 1981, kikaenea sana Nicaragua baada ya kimbunga Mitch cha 1998, na tangu hapo kinatengenezwa katika nchi nyingi. Vitundu vya udongo hukamata bakteria wengi, lakini wachache hupenya. Ili kuwamaliza hao, chungu hupakwa fedha.

Nasema fedha ile ya kutengenezea pete, si ile ya mfukoni. Kiswahili kinaziita jina moja, na kwenye vikao vyetu hilo lilileta vichekesho. Mhasibu akisema "fedha imekwisha" ilibidi tumuulize ipi, na mara nyingi zilikuwa zote mbili.

Sisi tulitaka kupaka fedha ya nano. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Bakteria wa E. coli, yule wa utumboni anayetumika kupima kama maji yameingiwa na kinyesi, ana urefu wa nanomita kama 2,000, na chembe zetu zilikuwa na upana wa takriban 20. Udogo huo una faida gani? Chukua gramu 1 ya fedha katika kipande kimoja cha mchemraba: ngozi yake yote ya nje haifikii hata sentimita mbili za mraba, ukubwa wa ukucha. Igawanye gramu hiyohiyo iwe vitufe vya nanomita 20, na jumla ya ngozi zao inafika kama mita za mraba 28, sakafu ya chumba cha mita tano kwa tano na ziada. Fedha hufanya kazi kwenye ngozi yake, pale inapokutana na maji na oksijeni na kuachia ioni, yaani atomi za fedha zenye chaji ya umeme. Ioni hizo ndizo zinazomvuruga bakteria. Mwaka 2012 watafiti wa Rice University, Marekani, walizijaribu chembe nano za fedha mahali pasipo na oksijeni, ambapo haziwezi kuachia ioni, na E. coli hawakufa. Kwa maneno mengine, chembe ni ghala, na ioni ndizo bidhaa zinazotoka humo. Tungelichukua jambo hili kwa uzito tangu siku ya kwanza, kisa hiki kingekuwa kifupi.

Maamuzi ya mwanzo na sababu zake

Kwanza, tulitengeneza chembe kwa maji ya majani ya mwarobaini badala ya kemikali kali. Unachukua nitrati ya fedha, ambayo ni chumvi ya fedha inayoyeyuka majini, unaitia katika maji ya majani yaliyochujwa, na baada ya muda mchanganyiko unageuka kutoka rangi ya mkojo mwepesi hadi rangi ya chai ya rangi. Ilikuwa rahisi, malighafi iko uani, na wageni waliokuja maabara waliipenda. Sijutii uamuzi huu.

Pili, tuliamua kupaka chungu kikiwa tayari kimechomwa, kwa brashi, badala ya kuchanganya fedha na udongo kabla ya tanuri. Fedha iliyochomwa pamoja na udongo hushika vizuri zaidi. Hilo lilikuwa limeshaandikwa na wengine na tulilisoma. Ila mfinyanzi wetu alikuwa na tanuri la kuni lisilo na kipimajoto, na vyungu vingi vilipasuka. Msimamizi wa mradi, ambaye sote tulimwita Dokta, alipiga hesabu akaona kwamba kuchoma fedha ndani ya chungu kitakachopasuka ni kutupa fedha kwa maana zote mbili. Alikuwa na hoja.

Tatu, majaribio ya maabara yalifanyika kwa maji yaliyosafishwa kwa mashine, tuliyoyatia E. coli wa maabara kwa idadi tuliyoijua. Sababu yake ilikuwa kwamba maji ya kisima hubadilika kila siku, na tulitaka kulinganisha chungu na chungu.

Nne, hatukuweka chungu kisicho na fedha kama mlinganisho. Vyungu vizima vilikuwa vichache. Nakumbuka niliuliza, nikajibiwa kwamba maandiko yapo tele juu ya vyungu vitupu, kwa hiyo tusipoteze chungu kwa kujua kinachojulikana. Nikanyamaza.

Wiki sita za sifuri

Utaratibu ulikuwa hivi. Saa mbili asubuhi tunajaza vyungu. Maji yanadondoka polepole, hivyo sampuli tunazikinga alasiri kwenye chupa safi zilizopikwa kwa mvuke, tunazitia kwenye friji, na kesho yake asubuhi tunazipima. Kupima ni kuvuta mililita 100 kupitia utando wenye vitundu vidogo, kuuweka utando juu ya chakula cha bakteria, na kuuacha kwenye kabati la joto hadi kesho yake. Kila bakteria aliye hai anazaa kidoti cha manjano. Unahesabu vidoti.

Maji tuliyomimina juu ya chungu yalitoa vidoti visivyohesabika mpaka uyazimue mara elfu kadhaa. Maji yaliyotoka chini hayakutoa hata kimoja. Wiki ya kwanza sifuri, ya pili sifuri, hadi ya sita. Utando mweupe kama karatasi mpya. Tuliandika kwamba chungu kinaondoa zaidi ya 99.99% ya bakteria. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, upande wa bakteria, hicho ni kiwango cha nyota tatu, cha juu kuliko vyote. Ripoti ikaenda kwa mfadhili. Rasimu ya makala ya kisayansi ikaanza. Kuna picha yangu nimeshika utando mtupu, natabasamu.

Hebu tazama saa zilizopita katika utaratibu huo: kutoka alasiri ya leo hadi asubuhi ya kesho ni zaidi ya saa kumi na tano. Wakati wote huo maji yapo ndani ya chupa, na fedha iliyochuruzika kutoka kwenye chungu ipo humohumo pamoja nayo.

Kijijini

Tulipeleka vyungu katika kaya 20. Kila baada ya wiki mbili nilikwenda kuchukua sampuli, nikaziweka kwenye boksi la barafu na kurudi nazo mjini kwa basi. Nilifika jioni, nikazipima asubuhi. Kwa miezi miwili ya kwanza karibu zote zilikuwa sifuri, na vidoti viwili vitatu katika kaya moja au mbili. Tulisema hao hawaoshi ndoo.

Katika nyumba ya chungu namba 7 anakaa bibi mmoja na wajukuu wanne. Safari ya tatu nilimkuta amekaa kibarazani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu ingia ukaitazame ndoo yenu."

Alifunua mfuniko, akaingiza kidole nyuma ya koki, akakitoa na kunionyesha. Kilikuwa na utelezi wa rangi ya kijivu, kama ule wa ndani ya mtungi usiosuguliwa.

"Mlisema dawa iliyomo inaua vidudu vyote. Sasa huu utelezi unaota na nini?"

Nilimjibu kwamba utelezi si lazima uwe na vidudu vya ugonjwa, jambo ambalo ni kweli. Nikamwambia aisugue ndoo kwa sabuni na kuisuuza kwa maji yaliyochujwa, jambo ambalo pia ni sahihi. Lakini kwenye basi swali lake lilinikaa kichwani. Utelezi ni bakteria waliojijengea nyumba ya ute, na ute huwakinga. Wanaweza kustahimili fedha kuliko wale wanaoelea majini. Hata hivyo, kabla hawajajenga walikuwa waelea majini, na walipita wapi kama maji yetu ni sifuri?

Nikachukua sampuli ya koki ya bibi, nikaifuta kwa pamba na kuiotesha. Vidoti vya manjano vikajaa. Sampuli ya maji ya ndoo hiyohiyo, siku hiyohiyo: sifuri. Nilimpelekea Dokta matokeo yote mawili. Alisema huenda pamba ilichafuka. Nilirudia safari iliyofuata, mambo yakawa yaleyale.

Swali la mzee wa maji

Jibu halikutoka kwa mtu wa nano. Tulikuwa tumeomba kutumia mashine ya maabara moja ya maji, na huko kulikuwa na fundi mzee anayekaribia kustaafu, mtu wa kuchota sampuli za mabomba maisha yake yote. Alikuwa anaziangalia chupa zangu nikizipanga.

"Kijana, chupa zako mbona hazina kitu ndani?"

"Ni safi mzee, zimepikwa kwa mvuke."

"Usafi nauona. Nauliza thiosulfati. Mmeizima vipi hiyo fedha yenu?"

Sikuelewa, na nikamwambia sijaelewa. Akanieleza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulieleza jambo mara mia. Maji ya bomba yana klorini. Ukiyakinga kwenye chupa, klorini haijui kwamba sasa ni wakati wa kupimwa. Inaendelea kuua njiani. Ukifika maabara unapima maji yaliyoendelea kutibiwa kwenye gari, wala si yale aliyokunywa mwenye nyumba. Ndiyo maana chupa ya sampuli ya maji ya bomba hutiwa matone ya thiosulfati ya sodiamu kabla ya kupikwa. Thiosulfati inaimaliza klorini papo hapo, na bakteria walio hai wanabaki hai mpaka wahesabiwe.

"Fedha nayo inashikwa na dawa hiyohiyo," alisema. "Waulize wapiga picha wa zamani."

Na kweli. Thiosulfati ndiyo iliyotumika studio kuondoa chumvi za fedha kwenye filamu, kwa sababu inaing'ang'ania ioni ya fedha na haiiachii. Katika timu yetu kulikuwa na shahada za uzamivu mbili na hadubini ya elektroni ya kukodi, ila jambo ambalo mchota maji wa bomba analifanya bila kufikiri hatukuwa nalo kichwani. Sisi tulitoka upande wa vitu, upande wa chembe. Maji hatukuyasomea.

Tulipopima upya

Kesho yake nilichukua chungu kimojawapo cha maabara, nikakinga maji yake kwenye chupa mbili kwa wakati mmoja, moja ina thiosulfati na nyingine haina. Ya pili niliipima mara nne: palepale, baada ya saa moja, baada ya saa tatu, na asubuhi iliyofuata. Kwanza nilihakikisha kwamba thiosulfati yenyewe haiwaui bakteria wala haiwaongezi. Niliitia kwenye maji yenye E. coli yasiyo na fedha, idadi ikabaki ileile.

Daftari la siku hiyo bado ninalo. Chupa isiyo na dawa, palepale: vidoti 41. Saa moja: 30. Saa tatu: 9. Asubuhi: 0. Chupa yenye thiosulfati, asubuhi hiyohiyo: 38.

Niliitazama ile sifuri ya asubuhi, ndugu ya sifuri zote za wiki sita, nikaelewa kwamba chungu hakikuwa kimeifanya kazi hiyo peke yake. Chupa ndiyo iliyokuwa ikiua, usiku, ndani ya friji, huku sisi tumelala.

Tulipovipima vyungu vyote kwa njia mpya, uwezo halisi ulikuwa kati ya 99% na 99.9%. Hapo msomaji anaweza kusema mbona bado ni kubwa. Asilimia zinadanganya. Yakiingia mabakteria milioni 1, chungu cha 99.99% kinapitisha 100, na cha 99% kinapitisha 10,000. Hiyo ni tofauti ya mara mia. Kisha tukafanya tulichokikataa mwanzoni: tukachukua chungu kitupu cha mfinyanzi yuleyule, hakina fedha hata kidogo. Kikatoa karibu 99%. Kazi kubwa ilikuwa inafanywa na udongo na vumbi la mbao. Nano yetu ilikuwa inaongeza chumvi kwenye mchuzi ulioiva.

Kijijini hali ilikuwa mbaya zaidi, na hapo ndipo chumvi ya kisima inapoingia. Dokta alilionyesha jambo hili mbele ya wanafunzi kwa glasi mbili. Katika kila moja kulikuwa na mmumunyo wa chembe za fedha, rangi ya chai ya rangi. Katika ya kwanza alitia maji yaliyosafishwa. Chai ikabaki chai, nyepesi zaidi. Katika ya pili alitia maji ya kisima cha bibi. Ndani ya dakika chache rangi ikachujuka, ikawa ya kijivu kama maji ya kuoshea sufuria, na baada ya saa kadhaa kukawa na mashapo chini. Chembe nano hukaa mbalimbali majini kwa sababu zina chaji za umeme zinazosukumana. Maji yenye chumvi nyingi huzima msukumano huo, chembe zinagandana, na ile sakafu ya mita 28 inakunjwa kama mkeka. Juu ya hayo, kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi iliyomo majini, hushika ioni za fedha na kuwa kloridi ya fedha, ambayo huyeyuka kwa shida sana. Sehemu yake hujibandika juu ya chembe kama ukoko, na sehemu nyingine huondoka na maji.

Tulipeleka maji ya vyungu yakapimwe kiasi cha fedha. Chungu kipya, siku zake za kwanza, kilitoa maji yenye fedha zaidi ya miligramu 0.1 kwa lita, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linasema mtu anaweza kukinywa maisha yake yote bila madhara. Kuvuka kiwango hicho kwa siku chache hakumdhuru mtu. Ngozi kugeuka rangi ya buluu ya kijivu huja kwa fedha nyingi na kwa muda mrefu. Kwetu kilichotushtua kilikuwa kasi yake. Kwenye vyungu vilivyokaa kijijini zaidi ya miezi miwili, fedha katika maji ilikuwa karibu haionekani. Ghala lilikuwa tupu, na mwenye nyumba alikuwa bado anaambiwa ana ulinzi wa nano.

Uamuzi uliotugawa

Kikao kilikuwa kirefu. Upande mmoja ulitaka vyungu virudishwe mjini mara moja. Upande wa pili, nikiwamo mimi, ulisema kumnyang'anya bibi chungu cha 99% ni kumrudisha kwenye maji ya kisima yasiyochujwa kabisa. Wapo waliotaka tupake fedha upya kimyakimya, kila miezi miwili, mpaka mradi uishe. Hoja hiyo ilisemwa kwa sauti ya chini, na ilikuwa na mvuto wake, kwa kuwa namba zingeendelea kupendeza.

Dokta aliamua mambo matatu. Vyungu vibaki, ila kila kaya iambiwe ukweli na ipewe dawa ya klorini ya kutia kwenye ndoo baada ya kuchuja. Klorini hufanya kazi vizuri kwenye maji yaliyokwishachujwa, kwa kuwa haipotei bure kwenye tope. Makala isimamishwe. Na mfadhili aandikiwe barua inayosema kwamba takwimu za ripoti ya kwanza hazisimami, pamoja na kurasa za daftari zinazoonyesha kwa nini. Mhasibu aliuliza kama tumefikiria mishahara. Dokta alijibu kwamba ameifikiria, hasa wa kwake.

Kwa nini aliamua hivyo? Nilimuuliza baadaye. Alisema kaya 20 tunaweza kuzifikia kwa miguu kwa siku mbili. Ripoti ile ingetumika kupeleka vyungu kwa kaya elfu kadhaa, na hizo hakuna mtu angezifikia kwa miguu.

Mimi ndiye niliyetumwa kwa bibi. Nilimweleza kwamba alikuwa na haki, kwamba vidudu vilikuwa vinapita, na kwamba sisi ndio tuliopima vibaya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama hiyo klorini itaharibu ladha ya chai. Nikamwambia kidogo, na harufu itapungua akiyaacha maji yakae. Akasema basi kaeni mnywe chai niwaone na nyie mnaonja.

Matokeo

Mfadhili hakufuta mradi. Alisimamisha awamu ya pili, akatoa muda wa kurekebisha. Rasimu ya makala ilitupwa na nyingine ikaandikwa, ndogo zaidi, juu ya kosa la kupima. Mfinyanzi alipata kipimajoto cha tanuri, na fedha sasa inachanganywa na udongo kabla ya kuchoma. Vyungu hivyo vinaachia fedha kidogo kwa muda mrefu, ingawa katika maji ya chumvi faida yake juu ya chungu kitupu bado ni ndogo. Kwa vijiji vya visima vya chumvi, timu ilikubali kutopaka kabisa: chungu kitupu pamoja na klorini. Upande wa bara, kwenye maji laini ya mito, fedha inaendelea kujaribiwa.

Uchambuzi

Kosa la chupa ndilo linalokumbukwa, lakini kwangu lilitokana na kosa la mlinganisho. Kama kungekuwa na chungu kitupu mezani tangu wiki ya kwanza, kingeonyesha vidoti wakati vyenye fedha vinaonyesha sifuri, na mtu yeyote angeuliza ni wapi hasa mauaji yanafanyika, ndani ya kuta au baada yake. Tuliokoa vyungu vichache na kupoteza karibu mwaka. Wanaofanya kazi za nano wanaponiomba ushauri ninawaambia waweke milinganisho mitatu hata kama bajeti inalia: kitu chenyewe bila nano, nano yenyewe bila kitu, na ioni peke yake. Maabara nyingi hupima chembe zao za mwarobaini kwa bakteria na kushangilia duara safi kwenye sahani, yaani eneo ambalo bakteria hawakuota, ilhali nitrati ya fedha iliyobaki bila kugeuka kuwa chembe ingetoa duara lilelile.

Maji yaliyosafishwa kwa mashine yalikuwa kosa la pili, na hili nalitetea nusu. Ni sawa kuanza nayo. Si sawa kumalizia nayo. Lita 20 za kisima cha bibi zingefika maabara kwa nauli ya basi moja, na jaribio la glasi mbili linachukua dakika kumi. Lingefanyika kabla ya kupaka chungu cha kwanza.

Sifuri yenyewe ilipaswa kututia wasiwasi. Udongo uliochomwa kwa kuni hautoki sawasawa; chungu kimoja kina ufa wa unywele, kingine kina vitundu vikubwa. Vyungu vyote kutoa sifuri kwa wiki sita mfululizo ni dalili kwamba kuna kitu kinachofuta tofauti zao. Tulikiona kama ubora. Neno "nano" lilisaidia hapo. Lilitufanya tutegemee muujiza, na ulipotokea hatukuushuku.

Kilichofanya kazi ni vitu vya kawaida sana. Daftari liliandikwa saa ya kukinga na saa ya kupima, si tarehe peke yake, kwa hiyo tulipoelewa kosa tuliweza kurudi nyuma na kuona kila sampuli ililala saa ngapi. Zile chache zilizopimwa siku hiyohiyo, kwa sababu umeme ulikatika na friji haikufaa, ndizo zilizokuwa na vidoti viwili vitatu. Tulizilaumu kaya ambazo hazioshi ndoo. Ushahidi ulikuwepo tangu mwanzo, sisi tukaupa jina la uchafu wa watu.

Na malalamiko ya bibi yalichelewa kusikilizwa kwa safari mbili. Hayakuwa na sehemu kwenye fomu yetu ya kaya. Fomu iliuliza idadi ya wanaokunywa, mara za kuosha chungu, kuharisha kwa wiki mbili zilizopita. Utelezi nyuma ya koki haukuwa na kisanduku, hivyo niliuandika pembeni kwa penseli.

Kuna jambo ambalo bado sijaridhika nalo. Fedha yote ile iliyochuruzika ilikwenda mahali: kwa watu kidogo, na iliyobaki kwenye mchanga wa uani na hatimaye baharini. Brashi za kupakia tulizisuuza kwenye sinki. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini fedha ni sumu kwa viumbe wadogo wa majini kwa sababu ileile inayowaua E. coli, na katika ripoti zetu zote mbili hakuna sentensi inayotaja ilikokwenda.

Chungu namba 7 bado kinatumika. Fedha haimo tena, koki imebadilishwa mara mbili, na kwenye mfuniko mjukuu mkubwa amebandika karatasi inayoonyesha kiasi cha klorini kwa ndoo moja, kwa mwandiko wa shule. Chupa zangu za sampuli sasa natia thiosulfati mwenyewe, matone kadhaa kila moja, kabla ya kuzipika.